Sebule ya Mama Yake

Mafundi walimbatiza jina la Bi Toa, na mwenyewe alilijua wala hakukasirika. Kila nyumba aliyoitwa kuipamba, neno lake la kwanza lilikuwa hilo: toa hiki, toa kile, tuone chumba chenyewe kinasemaje. Lakini kabla ya kutoa chochote alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata mteja awe na haraka kiasi gani. Alimwomba mwenye nyumba atoke nje, kisha aingie kama anavyoingia siku zote akitoka kazini. Yeye akakaa kimya pembeni, akitazama funguo zinatupwa wapi, viatu vinavuliwa wapi, na mtu akichoka anajibwaga kiti gani. Alikuwa akisema kwamba ukimuuliza mtu, atakueleza anavyotaka kuonekana. Ukimwacha atembee, utaona anavyoishi. Rangi nayo alipaka kipande kidogo ukutani, akarudi kukiangalia asubuhi na jioni, ndipo akate shauri.

Nyumba moja tu hakuifanyia hivyo: ya mama yake mzazi. Hakuona haja. Alikulia mle, na aliamini anaijua nje ndani.

Mama alikuwa amekwenda kumuuguza mdogo wake, aliyevunjika mguu. Bi Toa akaona ndiyo nafasi ya kumfanyia jambo la kumfurahisha. Kwa kweli sebule ile ilikuwa imejaa hadi mtu apite kwa ubavu. Kulikuwa na kabati kubwa la vyombo karibu na mlango, viti vya mbao visivyofanana, kimoja kikilia kila kikiguswa, na cherehani ya zamani iliyogeuka kuwa pa kuwekea nguo. Kabati akampa seremala wake, viti wakagawana majirani, cherehani ikaenda stoo. Kuta akazipaka rangi ya maziwa. Akaingiza makochi mawili ya kijivu na meza fupi ya kioo, akatundika pazia jeupe jepesi la kupitisha mwanga. Mdogo wa kiume wa Bi Toa, aliyeishi nyumba ya pili na kumwangalia mama siku zote, alimuuliza kama mama ana habari. Bi Toa akacheka, akamjibu kwamba zawadi haiombewi ruhusa. Kazi ilipokwisha alisimama mlangoni muda mrefu. Hakuna chumba alichowahi kukipenda kama kile.

Mama akarudi. Alipofika kizingitini akanusa rangi, akatabasamu. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, pale lilipokuwa kabati, na mkono ukashika hewa. Akaurudisha taratibu, akajifanya anaweka sawa mtandio wake.

"Pamependeza, mwanangu," akasema. "Na hilo pazia lako la kijani ndilo limenikosha kabisa."

Mle ndani hamkuwa na kitu cha kijani. Pazia la kijani lilikuwa lile la zamani. Bi Toa akatazamana na mdogo wake. Mama akaenda mbele kwa mwendo wa mtu anayejua njia, akajigonga kwenye meza ya kioo. Hakupiga kelele. Aliinama akashika mguu, damu ikimpenya vidoleni, akauliza kwa sauti ya chini, "Hiki ni nini?"

Walimkalisha, wakamfunga jeraha. Ndipo akaanza kueleza, kidogo kidogo, kama mtu anayevuliwa nguo mbele za watu. Lilianza jicho moja, kama moshi unaotanda pembeni, na la pili likafuata. Akaendelea kupika na kufagia kwa sababu nyumba aliijua kwa mkono: kwanza kabati, kisha kiti kinacholia, kisha ukingo wa cherehani, na hapo mlango wa jikoni uko karibu. Hata kwa mdogo wake aliyevunjika mguu aliweza, kwa kuwa nyumba ile nayo aliizoea tangu zamani.

"Kwa nini hukutuambia, mama?" Bi Toa akauliza.

"Ningewaambia mngenihamisha. Kila mmoja angetaka nikakae kwake." Akapapasa kochi alilokalishwa. "Sasa umenihamisha bila hata kunitoa nje."

Mdogo wake Bi Toa akatoka uani. Alikuwa akila kwa mama karibu kila siku na hakuwa amegundua kitu, na hilo lilimuuma kuliko alivyotaka dada yake ajue. Maneno makali aliyokuja kumtolea Bi Toa baadaye, nusu yake alikuwa anajisema mwenyewe.

Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi; matone yangelinda kidogo kilichobaki. Bi Toa akakimbilia kwa seremala kudai kabati, akakuta limekwisha pasuliwa mbao, na mbao zimekuwa milango kwa mtu mwingine.

Basi akafanya alichopaswa kufanya mwanzo. Alimwomba mama atembee, yeye akamfuata nyuma amefumba macho, mkono begani kwake. Alijikwaa, akajigonga, akapotea ndani ya chumba alichokichora mwenyewe. Akaondoa meza ya kioo. Akatengeneza rafu nyembamba ya mbao, ya kimo cha kiganja cha mama, ikaambaa na ukuta toka mlangoni hadi jikoni, kona zake zimesuguliwa mviringo. Cherehani ikarudishwa mahali pake.

Mama alishukuru. Anaitumia rafu ile kupita, lakini kwenye makochi hakai. Amehamishia stuli jikoni, na wageni huwapokea huko huko, wakibanana kati ya sufuria na ndoo. Bi Toa akija humtia matone, kisha hukaa naye akichambua mchele.

Juzi alimuuliza kama abomoe kila kitu aanze upya.

"Acha," mama akasema. "Ukibadilisha tena nitaanza tena kujifunza, na mimi nimechoka."