Hodi Ambayo Sikuisikia

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na wiki hii imenirudia kwa sababu yenu. Nawaona mnavyogombana kwenye simu juu ya kesi ya yule mwenye shamba aliyempiga kijana risasi, kisha akasema alikuwa anajihami. Hawa wanasema ni rangi, wale wanasema ni chuki, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo. Mimi niliwahi kuwepo kwenye jambo la namna hiyo, basi nisikilizeni. Shule niliishia darasa la tatu, na haya mananasi ya Kiwangwa hakunirithisha mtu, nimeyalima mwenyewe. Nikikosea herufi nisamehe. Nikikosea ukweli nikosoe.

Nilikuwa kijana, sijaoa bado, na rafiki yangu alikuwa Pazi. Pazi alikuwa na tabia moja ambayo kijiji kizima kiliijua: hakupiga hodi. Kwa mtu yeyote. Umekaa unakula, ukiinua macho Pazi kashanawa mikono. Ukimgombeza anakucheka, anakwambia hodi ni ya wageni. Mama yake, Bi Tatu, alimkimbiza na mwiko mpaka akachoka, mtoto hakubadilika.

Tulikuwa tunafanya kibarua cha palizi kwa Bwana Seif, ambaye shamba lake lilipakana na kipande changu. Seif alikuwa Mwarabu, ndiyo. Lakini baba yake kazaliwa huku huku, na Kikwere alikisema kuliko ninyi mnaojiita Wakwere leo. Alikuwa na bunduki ya marisau, yenye kibali, ya kufukuzia ngedere na nguruwe. Siku zile wezi walikuwa wanamvunia mananasi kabla hajavuna mwenyewe, na mtu anayeibiwa kila mara huanza kuogopa hata kivuli chake.

Jioni moja, magharibi inakaribia, Pazi akakumbuka kasahau panga lake kwenye banda la Seif. Akaenda kulichukua, kwa desturi yake, moja kwa moja. Mimi nikabaki upande wangu wa uzio, nafunga mananasi kwenye baiskeli. Nikasikia bunduki. Kisha nikasikia sauti ya Pazi, na ile sauti naijua kama yangu:

"Nimeliweka chini, bwana. Nimeliweka chini."

Kisha bunduki tena.

Nilipofika rafiki yangu alikuwa keshakata roho, na Seif amesimama pale pale, anasema kaona mtu anatoka bandani na panga, hakupiga hodi, akadhani anakuja kumuua. Nilimweleza askari yote niliyoyasikia, akayaandika.

Basi mambo yakatoka kijijini yakaenda Bagamoyo mjini, na penye wengi pana mengi. Baada ya muda mfupi hakuna aliyebaki na jina lake. Seif akawa "Mwarabu." Pazi akawa "mtoto wetu" kwa hawa, na "mwizi" kwa wale. Habari za minyororo ya mababu zikafufuliwa na watu waliokuwa wanakunywa kahawa benchi moja. Duka la shemeji yake Seif, mtu asiyejua hata bunduki inashikwaje, likapigwa mawe. Nao wa upande wa Seif wakasema mtu wao anawindwa kwa ngozi yake. Kesi nzima ikafupishwa ikawa neno moja: hodi. Kama Pazi alipiga hodi, Seif ni muuaji. Kama hakupiga, Pazi ni mwizi. Kuambizana kuko, kusikilizana hapana.

Akaja mwandishi wa gazeti na kamera yake, akaniuliza kama marehemu alipiga hodi. Nikamjibu kwa hasira kwamba mtu si mnyama, hodi hupigwa. Nilitaka kumweleza habari ya panga, yeye kashapanda pikipiki. Gazeti lilipofika, likasomwa kwa sauti pale kwenye kahawa, maandishi makubwa kama sahani: SHAHIDI: NILISIKIA HODI.

Sikuwa nimesema hivyo, mwanangu. Lakini kabla sijafungua mdomo nilishapewa kiti, kahawa na kashata, na watu wazima wananiita shujaa. Wakaniambia mahakamani niseme hivyo hivyo. Mmoja akaniuliza, kwani neno moja litakupunguzia nini? Nikatafuna kashata. Na nisikufiche, moyoni nilikwisha kukubali. Nilimtaka Seif anyongwe.

Bi Tatu akatuma niitwe. Nikamkuta uani anamenya mihogo, kanga ya msiba bado kajifunga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso.

"Naambiwa umesikia hodi."

Nikatazama maganda ya mihogo.

"Ya Pazi? Huyu huyu wangu?" Akacheka. Sijasikia kicheko kibaya kama kile. "Toka nimzae mpaka nimemzika sikuisikia mimi. Wewe umeisikia kutoka ng'ambo ya uzio?"

Nikamwambia watu wanataka haki, mama.

"Watu wanataka kushinda," akasema. "Haki naitaka mimi niliyemzaa. Kijiji kizima kinajua mwanangu hakuwa na hodi. Ukisimama ukamvisha hodi, watamcheka yeye. Halafu lile ulilolisikia kweli, nani atakuamini? Usinizikie mtoto mara mbili." Akaweka kisu chini, sasa akanitazama. "Sikio lako halina kabila, Shomari. Kapeleke sikio. Mdomo wako uache kwenye kahawa."

Sikulala vizuri mpaka siku ya kesi.

Siku ile ukumbi ulijaa, wa kwetu upande huu, wa kwao upande ule, kama timu za mpira. Wakili wa serikali akaniuliza nilisikia nini, nikaeleza: bunduki, sauti, bunduki. Akainuka wakili wa Seif na lile gazeti mkononi, mpole kama bwana harusi.

"Hapa umesema ulisikia hodi. Ulisikia?"

Nyuma yake niliwaona majirani zetu wawili wamekaa wanangoja zamu yao, watu waliowahi kumkuta Pazi katikati ya vyumba vyao. Nikaujua mtego. Ningesema ndiyo, wangeletwa wale, na mimi na ushahidi wangu wote tungetupwa nje pamoja.

"Sikusikia," nikasema. "Hakuwa na tabia hiyo."

Wa kwetu wakaguna. Mtu akaniita msaliti, tena mtu aliyenilipia kahawa.

"Gazeti limekosea?"

"Gazeti halikuwepo."

"Basi na hilo la kuweka chini labda hukulisikia."

"Hilo nililisikia. Alilisema mara mbili, na Bwana Seif alilisikia kabla yangu, alikuwa karibu zaidi."

Nikamwona Seif anafunika uso kwa viganja. Hakulikana neno lile.

Jaji alipokuja kutoa hukumu alisema shahidi aliyekubali linalomuumiza rafiki yake, haoni kwa nini asimwamini kwa linalomsaidia. Risasi ya kwanza, iliyomkosa Pazi, aliisamehe kwa woga. Ya pili ilimpiga mtu aliyekwisha kuweka silaha chini, na hiyo haikuwa kujihami. Seif akafungwa kwa kuua bila kukusudia. Wa kwetu waliotaka kitanzi wakanuna, wa kwao waliotaka aachiwe wakanuna pia. Wengine waliacha kunisalimia msimu mzima. Sikujali, maana salamu ya kununuliwa kwa uongo siitaki. Bi Tatu aliniletea sahani ya mihogo ya nazi, basi, hakuongeza neno.

Miaka ikapita. Nilikuwa juu ya paa la Bi Tatu naezua makuti mabovu, nikamwona mzee mwembamba anakuja, kofia mkononi. Sikumtambua mpaka alipofika mlangoni akasimama.

"Hodi," akasema Seif.

Ndani kimya, na mimi najua Bi Tatu yumo.

"Hodi."

Kimya. Wajua desturi yetu: ya tatu isipoitikiwa, mtu huondoka. Akaiita ya tatu kwa sauti iliyokatika, akaanza kugeuka.

"Karibu," akasema Bi Tatu. "Mwanangu angeingia tu. Wewe mgeni, umepiga, karibu."

Walichozungumza sikukisikia, kwa hiyo sitawaambia. Najua kwamba leo wajukuu wa Seif na watoto wangu wanapakia mananasi kwenye Fuso moja, na wanataniana matusi ambayo mimi siyaandiki hapa.

Basi mwanangu, kabla hujasema Mwarabu, Mhindi au mtu mweusi, taja jina lake kwanza. Kabla hujabeba habari ya simu, uliza nani alikuwepo. Kama hukuwepo, omba dua ukae kimya, kesi ina wenyewe na kati yao yumo mama wa mtu. Na siku ukiitwa wewe, sema na lile linalowaudhi wa kwenu, maana ndilo litakalobeba mengine. Ngozi zetu tulizikuta. Ukweli tunauchagua.

Mola akupe sikio lisilo na kabila, akuepushe na kiti na kashata ya wanaokutaka uongope, na mlangoni kwako asikose mtu wa kupiga hodi, wala wewe usikose moyo wa kumwitikia.