Kifuniko Chenye Bolti

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu afiwe na mke wake, mama akimpigia simu kumwuliza amekula nini, jibu ni lilelile: amekula na wenzake karakana, tena ameshiba mpaka mkanda unalalamika. Mama hucheka. Simu ikikatika anabaki ameishika tu.

Daktari alipomwambia mama apunguze chumvi na mafuta kwa sababu ya presha, nilimwandikisha darasa la mapishi mtandaoni kwa simu yangu. Kamera alikataa kuwasha. Alisema jiko lake halijachana nywele. Wengine wote tuliwaona sura, isipokuwa mmoja. Kamera yake ilitazama jiko tu, na hakuwahi kusema neno. Darasa zima likambatiza Sufuria. Mwalimu akimwuliza kama ameelewa, Sufuria alitikisa mwiko. Nilimpenda sana, nikawa najiuliza ana uso gani.

Siku ya mwisho kila mtu alitakiwa awe na mgeni wa kuonja dengu zilizokolezwa ndimu, chumvi kidogo. Wa mama nilikuwa mimi. Waume wakaonja, watoto wakakunja nyuso, bibi mmoja akauliza nani amelazwa hospitali. Zamu ya Sufuria ikafika. Mwalimu akamwuliza nani anaonja kwake.

Mwiko haukutikisika. Mkono ukatokea, ukafunika sufuria kana kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kifuniko kile hakikuwa na kishikio. Palikuwa na bolti nene, imekazwa kwa nati.

Mama akaweka kijiko chini. Kilikuwa kifuniko cha marehemu bibi, mama yao. Mjomba ndiye aliyekifungia bolti ile akiwa kijana, na nyumba nzima ikamcheka kwamba sasa tutapikiwa gari.

Mama akawasha maikrofoni.

"Kaka, wenzako wa karakana wako wapi?"

Mkono ukarudi juu ya bolti.

"Hakuna wenzangu, dada," ikasema sauti ninayoijua. "Hata hii chumvi sijui kama imetosha. Sina wa kumwuliza."

"Basi usifunue, zisipoe. Tunakuja."

Kwake ni mbali. Ndani ya basi simu ilikuwa bado mkononi mwangu. Wanafunzi walishatoka mmoja mmoja, mwalimu hakulifunga darasa. Kwenye kioo cha simu ilibaki bolti ile, na pembeni yake sahani moja.