Sungura Wanne wa Maabara ya Jinja

Mpaka leo sijamsamehe, na sitamsamehe. Yule afande aliletwa na serikali ya jeshi kusimamia maabara yetu ya Jinja, na darubini alikuwa hajui hata aiangalie upande gani.

Mwalimu wangu, kabla ya kufukuzwa nchini, aliniachia kichupa kimoja cha protini aliyoichuja kutoka kwenye uvimbe wa saratani. Niliwadunga sungura wanne, kidogo kidogo, miezi minne, mpaka ikaisha. Mwili wa sungura ukiona kitu kigeni hutengeneza kingamwili za kukikamata. Ningetoa damu yao, nikazichuja hizo kingamwili, nikazitia rangi inayong'aa na kuzimwagia seli za wagonjwa: kila penye protini ile pangewaka kijani chini ya darubini. Kazi hiyo ndiyo ingenitoa kwenye kuosha vyupa vya wenzangu.

Siku tatu kabla ya kuwatoa damu nikakuta vizimba vitupu. Afande alikuwa na karamu kwao Mbale. Wallahi, yeye na wageni wake walikula miezi yangu minne kwa matoke! Na mwenye kujua kuichuja protini nyingine alikuwa ng'ambo. Nililia mpaka macho yakavimba, kisha nikanyamaza, nikamsubiri.

Jumatatu alirudi anachokonoa meno. Nikamwuliza kwa adabu zote kama wageni walishiba, kisha nikamweleza walichodungwa wale sungura. Ilikuwa kweli tupu. Kwamba kikishapikwa hakimdhuru mtu, hilo sikulisema, nani aliniuliza? Wenzangu walinikonyeza ninyamaze, maana watu walikuwa wakipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini afande alishika tumbo.

Tangu siku hiyo nilimwonyesha cha mtema kuni. Akaacha pombe, akaacha nyama, suruali ikaanza kumporomoka. Kila asubuhi alinijia amekunja mkono wa shati nimtoe damu, nami nilimtoa, kwa sindano nene kuliko zote. Raha niliyoipata siwezi kuificha.

Mwisho akaja akafunga mlango, akakaa kwenye kiti changu.

"Dada, pima mimi, sema kweli. Hiyo kitu iko ndani yangu?"

"Kipimo chake, afande, kilikuwa kwenye damu ya wale sungura."

 Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama hakubaki hata sungura mmoja. Nikamwambia hilo anajua yeye.