Kisu Kinachomsubiri Kaka

Kila asubuhi, kabla hajajifunga hata kitambaa kichwani, Mama Visu alifunga visu vyake kiunoni. Vilikuwa vitano, vimelala ndani ya mkoba wa ngozi alioushona mwenyewe, kila kimoja na nafasi yake. Kirefu chembamba kilikuwa cha kukatia sponji. Kifupi kama kidole kilikuwa cha kufumulia nyuzi. Kipana, butu, kilikuwa cha kubandulia gundi kavu. Kidogo kilikuwa cha kumenyea machungwa, na hicho hakikuruhusiwa kugusa kazi, kama vile vingine visivyoruhusiwa kugusa chakula. Cha tano kilikuwa cha kukatia ngozi, chenye mpini mweusi na ncha iliyopinda kidogo. Hicho alikinoa hata siku ambazo hakuwa na ngozi ya kukata.

Alikuwa fundi wa makochi. Viti vidogo alivitengeneza kwenye chumba cha uani kwake, lakini kazi nyingi alizifuata huko huko ziliko, kwenye maofisi na mahospitali, maana nani atabeba benchi la wagonjwa arobaini ampelekee nyumbani? Ndiyo sababu ya kutembea na visu, na ndiyo sababu kila mlinzi wa mlangoni alimjua.

"Mama, unakwenda kazini au vitani?" mlinzi wa jengo moja la ofisi alimuuliza, huku akivipanga visu mezani.

"Vita niliviacha kwetu. Huku nimekuja kutibu viti."

"Haya, hiki cha nini?"

"Cha sponji."

"Na hiki?"

"Cha chungwa. Ukikichezea utaninunulia chungwa."

"Na hiki cheusi?"

"Hicho kinamsubiri kaka yangu."

Mlinzi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Visu hakucheka. Alikusanya vyombo vyake akapanda ngazi.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yao alikuwa fundi wa kuheshimika, na aliwafundisha kazi wote wawili, kaka mtu na dada mtu, hata majirani walipomcheka kwa kumpa binti nyundo. Msumeno wake mkuukuu ulipokufa aliukata, akautengenezea watoto visu viwili vya ngozi: cha kaka chenye ncha iliyonyooka, cha dada chenye ncha iliyopinda. Tena aliwafundisha jambo ambalo mafundi wengi hawalijui au hawalijali. Ukifunga kiti kwa misumari, alisema, usiipigilie yote ikazama. Acha mmoja kichwa chake kiwe nje kidogo, ili mwenzio atakayekuja kukifungua miaka ijayo apate pa kuanzia bila kuvunja mbao. Aliuita msumari wa mwenzio. Dada aliushika ushauri ule. Kaka alisema hiyo ni kazi ya woga, akawa anazamisha yote.

Kisha ikaja siku ya kiti cha ngozi. Mteja alikuwa mkubwa, ngozi aliileta mwenyewe, na asubuhi ya kukichukua kiti kilikutwa kimechanwa mgongoni, kutoka begani kushuka mpaka pembeni chini. Karakana nzima ilikusanyika. Kaka akasema, macho makavu kabisa:

"Jana jioni nilimwona dada anakikata-kata pembe."

Dada aliapa, akalia, akaonyesha mikono. Baba alipitisha kidole juu ya ule mchano, taratibu, mpaka mwisho wake. Kisha akasema mbele ya wafanyakazi wote, "Weka kisu chini, binti yangu. Humu ndani hushiki kazi tena."

Hakukiweka chini. Aliondoka nacho. Mwaka uliofuata baba aliugua, akalala kitandani muda mrefu, na hakumwita. Alipofariki, kaka akawa ndiye bwana wa karakana, na pale msibani kila aliyempa pole alimjibu neno lile lile: "Baba alimwamini mtu mmoja tu, naye ni mimi." Dada aliyasikia hayo akiwa amekaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Huyu hata kovu hakuwa nalo, kidonda kilikuwa kibichi.

Kitu kimoja tu alikishuku. Siku chache baada ya kufukuzwa alikiona kile kisu cha kaka yake kikiwa kifupi kuliko zamani. Kaka alidai kisu kiliingia kutu, akakisugua kwenye jiwe. Lakini shaka si ushahidi, na nani angemsikiliza binti aliyefukuzwa?

Basi siku moja wifi yake, mke wa huyo kaka, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, akatokea uani na mkokoteni. Juu yake kilikuwa kile kile kiti. Mteja alikuwa amekikataa, baba akakiziba mgongo, akakichukua nyumbani kwake, na ndicho alichokalia hadi kufa.

"Wifi yangu, nifichie siri," alisema. "Kaka yako kasafiri, anarudi Ijumaa. Nataka akikute kipya. Mwenyewe hataki kiguswe, ukikitaja tu ananuna siku nzima."

"Kwa nini hataki?"

"Nitajuaje? Anasema ni kumbukumbu. Kumbukumbu gani inatoa sponji? Nami nikajiuliza, nani anaujua mkono wa marehemu kama wewe? Yale ya zamani si yalishapita?"

"Yalishapita," alijibu Mama Visu, akamsaidia kukishusha.

Wifi alipoondoka tu, Mama Visu alifunga mlango akakichomoa kile kisu cheusi. Hakuhitaji kufikiri. Alikuwa amekwisha fikiri miaka mingi. "Alisema ni mimi niliyekikata," alikiambia kiti. "Basi leo nakikata kweli, nisije nikamwacha afe na dhambi ya uongo." Angekichana vipande vyembamba, akipange juu ya mkokoteni, akirudishe. Alishusha kisu mgongoni kwa nguvu zake zote na ngozi ikaachia kutoka juu hadi chini.

Kwenye pembe ya chini kisu kiligonga kitu. Alipanua kwa vidole, akaona kipande cha ngozi laini kilichokunjwa mara mbili na kupigiliwa juu ya mbao kwa misumari minne. Mitatu ilikuwa imezama. Wa nne kichwa chake kilikuwa nje.

Aliushika kwa koleo ukatoka bila taabu. Chini ya ngozi, imezama kwenye mbao pale mchano wa zamani ulipoishia, ilikuwa ncha ya kisu. Imenyooka, ya chuma cha msumeno.

"Nimekupata!" alipiga kelele peke yake chumbani. "Mwizi we, nimekupata!" Alicheka, akapiga makofi, akazunguka kile kiti. Za mwizi arobaini, na arobaini ya kaka ilikuwa imefika. Kisha akauona tena ule msumari mkononi mwake, na kicheko kikakatika.

Kaka haachi msumari wa mwenzio. Aliyeifunika ncha ile ni baba. Aliiona, akaijua, maana aliitengeneza yeye. Akaikunjia ngozi laini isije ikamchoma mtu, akaziba, kisha akakikalia kiti kile mpaka siku yake ya mwisho, ncha ikiwa nyuma ya mgongo wake. Alijua. Mama Visu alikaa chini sakafuni.

Hakukichana tena. Alikishona kikawa kizuri kuliko siku kilipozaliwa, ngozi mpya, sponji mpya. Ila ile pembe ya chini aliiacha wazi, kipande cha baba kikining'inia kwa misumari mitatu na ncha ikitazama nje.

"Hapa umesahau, wifi," alisema wifi alipokuja kukichukua.

"Sijasahau. Mwambie amalizie mwenyewe. Msumari wa baba huu hapa, mpelekee."

Kaka alikuja Jumamosi asubuhi, kwa mara ya kwanza mlangoni hapo. Mvi zilikuwa zimemjaa. Hakusalimia.

"Baba alijua," alisema.

"Alijua."

"Kisu kiliniponyoka, dada. Niliogopa. Lakini yeye... Nilikuwa namletea chai kwenye kiti kile, ananitazama, anasema asante mwanangu."

"Na wewe ukawaambia watu alikuamini."

Uso wa kaka ulivunjika. Mama Visu aliutazama bila kupepesa, mpaka akatosheka. Ilikuwa tamu. Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina utamu. Kinao, hasa kikichelewa.

"Nisamehe, dada yangu."

"Sikusamehe ng'o."

Kaka alitikisa kichwa kama aliyeyatarajia hayo. Alipofika mlangoni aligeuka, na hakuwa na nia ya kuumiza. Aliuliza kwa sababu naye alitaka kujua.

"Mimi nilisema uongo. Lakini yeye alijua kweli, na alilala kitandani miezi yote ile, kwako si mbali. Kwa nini hakukuita?"

Mama Visu alifungua kinywa. Maneno makali aliyoyanoa miaka yote yalikuwepo, tena mengi, lakini yote yalikuwa ya kaka.

"Toka," alisema.

Jumatatu alikuwa tena kwenye lile jengo la ofisi, visu vitano mezani. Mlinzi alikiokota cheusi, tabasamu tayari.

"Na hiki bado kinamsubiri kaka yako?"

"Kaka nimekwisha malizana naye. Sasa kinamsubiri baba."

"He! Na mzee yuko wapi?"

"Alishakufa."

Mlinzi alimtazama, tabasamu likamwishia. Alikigeuza kisu, akamrudishia kwa upande wa mpini.