Baba Alipomla Askofu Wangu

Baba alirudi kutoka hospitali na mkono wa kushoto uliolegea na ulimi uliokwama kwenye maneno marefu. Nyumbani kwetu Usoke kila mtu akaamua, bila kikao chochote, kwamba mzee asishindwe tena sataranji. Kaka zangu walitoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, wakanawa mikono, wakaketi mbele yake na kujifanya hawaoni ngome zao zikiliwa. Nilipofika likizo kutoka Tabora mjini, ninakofundisha, kaka mkubwa alinivuta pembeni.

"Mwache mzee ashinde. Ubishi wako uache hukohuko mjini."

Nilikereka sana. Baba ndiye aliyenifundisha mchezo huu, aliotoka nao seminarini alipoghairi upadri, na hakuwahi kunihurumia hata nilipokuwa na miaka saba.

Jioni ya pili aliniita ubaoni.

"Hawa wananipa ushindi wa bure," alisema polepole. "Nitajuaje kama kichwa changu bado kizima? Wewe cheza kweli."

"Nitacheza, baba."

Kwetu mkubwa ndiye huanza, kwa hiyo kete nyeupe ni zake siku zote, nami nimekulia kwenye nyeusi. Akafungua kama kawaida yake: askari wa mbele ya malkia hatua mbili, nami nikamkabili kwa askari wa malkia wangu, kisha askari wa pembeni yake akamweka mahali pa kuliwa. Ni ufunguzi unaopendwa kila mahali, na wengi huujibu kwa kujilinda. Mimi nilikuwa nimejifunza kwenye simu jibu la shari. Nilimsukuma askari wa mbele ya mfalme wangu hatua mbili, nikamtoa aliwe. Baba akamla. Nikamsogeza yule askari wa malkia wangu hadi upande wa baba, akakaa pale kama mwiba.

Baba akataka kumng'oa kwa askari mwingine. Nikamtishia mfalme wake kwa askofu, naye akaziba kwa askofu wake. Badala ya kumwokoa askofu wangu, nikamla askari wake kwa ule mwiba wangu.

Mkono wa baba ukabaki hewani. Ndani yangu niliomba asimle yule askofu, kisha nikaomba amle. Hata sijui nilitaka nini. Akamla.

"Mkatoliki mzima unamla askofu?" nilimtania.

Askari wangu akala mara mbili mfululizo, akafika mwisho wa ubao. Kila mtu humgeuza malkia akifika hapo. Mimi nilimgeuza farasi, maana farasi alimtishia mfalme papo hapo. Baba akamla farasi huyo kwa ngome, na askofu wangu wa pili akamtishia mfalme, malkia wa baba akiwa nyuma yake. Mfalme alipokimbia, nikamla malkia.

Baba aliinamia ubao, macho yakamlowa.

"Basi kichwa kimekwisha."

"Hapana, baba. Huo ni mtego wa zamani. Mimi mwenyewe niliingia mara ya kwanza, na ya pili pia."

"Hata kabla sijaugua ningeingia?"

"Ungeingia."

Alinitazama, nami sikukwepesha macho. Kaka zangu wangeweza kumwambia hayohayo mwezi mzima na asiwasadiki. Mimi aliniamini, kwa sababu nilikuwa nimemfunga.