Mama Joto na Mayai ya Jua

Mtaani kwao ni wachache waliokumbuka jina lake. Wote walimwita Mama Joto, kwa sababu alipima joto la kila kitu kwa kope. Akitoa yai kwenye mashine yake ya kutotolesha vifaranga, alifumba jicho moja, akaliegesha yai juu ya kope, akatulia, kisha akatoa hukumu. Kipimajoto alikuwa nacho, tena kipya, lakini alisema kipimajoto huonyesha tarakimu na kope huonyesha ukweli. Mumewe, fundi baiskeli aliyependa utani kuliko chakula, alidai kwamba hata siku walipokutana, mwanamke huyu alimtazama jicho moja likiwa limefumbwa.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, na ilikaa sebuleni kati ya kochi na televisheni. Ilitaka joto lisilopanda wala kushuka, usiku na mchana, kwa majuma matatu. Hapo ndipo umeme wa kawaida ulipomtesa. Ulikatika bila hodi na kurudi bila samahani, na mara mbili mfululizo mayai aliyoletewa na majirani yaliharibika yakiwa yamekaribia kuanguliwa. Mara ya pili Mama Joto alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengi walimwambia ndiyo dunia. Mshona viatu wa jirani, mwanamke aliyezoea kunywa chai naye, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, asimkaribishe ndani, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Ndipo alipoleta sola. Paneli mbili zilifungwa juu ya banda la nyuma, fupi kiasi kwamba mtu akisimama kwenye benchi anazifikia. Fundi wa sola aliunganisha betri, akanywa chai, akatoa somo. Jua ni la bure na halina foleni, alisema, lakini lina tabia zake. Jioni huenda zake, na kinachobaki ni akiba ya betri tu. Vumbi huzifumba paneli macho, na joto kali la saa sita huzichosha, zikatoa umeme pungufu. Wote walisikiliza, ila aliyesikiliza kwa makini zaidi ni mama mkwe wake, aliyekaa pembeni na sindano yake ya kufumia.

Mama mkwe huyo alikuwa mfumaji wa vitambaa asiyechoka. Redio ilivaa kitambaa, chupa ya chai ilivaa kitambaa, na rimoti ilikuwa na kifuko chake chenye kifungo. Mwanawe alisema kitu kikilala nyumba ile usiku mmoja bila nguo, mama hukiona kiko uchi. Mayai yalipoharibika mara ya pili, bibi huyo aliitazama mashine akasema ingefaa kuwa kabati la vitambaa. Alisema kwa upole, lakini Mama Joto aliyameza maneno yale kama mfupa wa samaki. Akaapa mbele ya wote: mayai ya safari hii yasipotoka, mashine iwe kabati, naye arudi kupima sukari katika duka la shemeji yake, alikouacha ujana wake.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama maji mtelemko. Kisha majira ya joto yakashika, na hapo ikatokea ajabu: jua lilivyozidi kuwaka, ndivyo betri ilivyozidi kunyong'onyea. Magharibi haijaingia vizuri, nayo imeanza kupiga kelele za njaa. Mama Joto akapiga marufuku televisheni, akapiga marufuku kuchaji simu, na mumewe akawa anatazama mpira dirishani kwa watu kama mdaiwa. Fundi wa sola, kwa simu, aliahidi kuja keshokutwa. Kwa mafundi, keshokutwa si siku, ni dua.

Shaka ikaanza kumnong'oneza Mama Joto usingizini: ni nani aliyetaka kabati? Aliona haya kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza.

Mchana mmoja, mayai yakiwa yamebakiza siku chache, akiwa sokoni alikumbuka kuwa trei ya kuuzia ameiacha nyumbani, ikambidi airudie saa sita, saa ambayo huwa hayupo. Akazunguka nyuma ya nyumba. Paneli zote mbili zilikuwa zimevaa kitambaa kikubwa cheupe chenye maua mekundu, kimefungwa kamba pembe nne. Mama mkwe alikuwa juu ya benchi, akinyoosha mkunjo.

"Mama," aliita taratibu, "hicho ni nini?"

"Kivuli, mwanangu. Si fundi alisema joto la saa sita linazichosha? Nazifunika likianza kuchoma, alasiri nazifunua. Nimekifuma chenye matundu ili zipate hewa."

Mama Joto alifungua kinywa kutoa hasira zake zote za juma zima, kikatoka kicheko.

"Mama, hizi zinakula jua. Saa sita ndicho chakula chao cha mchana. Joto huzipunguzia hamu kidogo, ila wewe umeziondolea sahani mezani."

Bibi akashuka benchi polepole. "Kwa hiyo vifaranga wa watu nimewaua mimi?"

Mama Joto alimshika mkono. Akamwongoza mpaka sebuleni, akatoa yai moja, akaliegesha kwenye kope yake mwenyewe. Lilikuwa limepoa kidogo. Akaliegesha kwenye kope ya mama mkwe. Bibi akashtuka.

"Limenipiga teke," akasema.

Basi nyumba ikavuliwa nguo. Paneli zilikuwa wazi sasa, lakini alasiri iliyobaki isingeijaza betri. Bibi akaivua redio, akaivua televisheni, akavua makochi yote, wakaivisha mashine tabaka juu ya tabaka. Mama Joto alihangaikia matundu ya hewa ya mashine. Bibi akamkumbusha kwamba vitambaa vyake ni matundu matupu. Mumewe alipoitwa alikuja na mipira ya ndani ya baiskeli, akaijaza maji ya moto, akaipanga chini ya trei za mayai, akisema hii ndiyo baiskeli ya kwanza kuatamia. Maji yalipopoa, walibadilisha kwa zamu.

Kesho yake paneli zilikula hadi kushiba, na kelele za betri zikakoma.

Wa kwanza kusikia mlio ndani ya mashine alikuwa mama mkwe. Si mayai yote yaliyopasuka. Machache yalibaki kimya, na Mama Joto aliyataja mbele ya wenyewe bila kuficha. Lakini vifaranga walijaza boksi baada ya boksi. Mshona viatu alikuja kuchukua wake, akawatazama, akamtazama Mama Joto.

"Kesho uje nyumbani," alisema. "Kiti chako kipo ndani."

Siku hizi, alfajiri kabla ya joto, bibi hupanda benchi na kufuta vumbi kwenye paneli kwa kile kitambaa chenye maua mekundu. Mwanawe alimuuliza vile vingine ataviweka wapi sasa, maana kabati limekosekana.

"Viwekwe wapi?" alijibu, akiitazama mashine iliyovaa vizuri kuliko wote nyumbani. "Viko kazini."