Wakili Aliyemwambia Bibi Asubiri Nje

Kanisa lile la Youngstown, Marekani, lilifungwa zamani, lakini Ludmila Hrinko, hata alipofika miaka themanini na tisa, bado alililia jiko la kanisa hilo la ghorofa ya chini kuliko hata misa zake. Kila Ijumaa wanawake walikusanyika humo kufinya pirohi, vifuko vya unga vyenye viazi na jibini ndani, wakiwauzia wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Porojo zilikuwa haziishi.

Ijumaa moja ya mwaka 1976 Ludmila alifika macho yamemvimba. Darlene, mjukuu wa miaka kumi na tatu aliyekuwa akimlea, alikuwa amechukua gari la jirani na kugonga uzio. Mahakama ya watoto ilikuwa imemwita.

"Mwone mpwa wangu, ni wakili," alisema Veronka, akikanda unga.

"Mpwa wako si anaandika hati za nyumba? Mtoto ni nyumba?" Helena alimkatiza.

Jiko zima likaangua kicheko, hata Ludmila mwenyewe. Helena akajifuta mikono. "Sikia, shoga. Kuna dada wa Kigiriki, anaitwa Petrakis, ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Anashika kesi za watoto tu. Nenda leo hii. Sinia yako nitaimalizia mimi."

Akaenda na Darlene. Wakili alimsikiliza Ludmila dakika mbili, kisha akafungua mlango.

"Mama, tafadhali subiri nje."

"Nje? Mimi ndiye niliyemleta!"

"Najua. Lakini mimi ni wakili wake yeye. Nataka anieleze mwenyewe."

Ludmila akakaa kwenye ngazi, amefura kwa hasira. Kwa wiki nzima Darlene hakuwa amemjibu neno. Sasa alisikia sauti yake ikinong'ona mfululizo, bila kukoma.

Mtoto alitoka amelowa machozi. "Bibi, nilikuwa naenda Cleveland kwa mama. Ulisema yuko kazini. Nimeona barua ya hospitali kwamba amelazwa."

Ludmila akainuka. Akamkumbatia palepale ngazini.

Petrakis alimweleza hakimu yote, na Darlene hakufungwa. Aliwekwa chini ya uangalizi miezi sita, akamsaidia jirani kujenga upya uzio aliouvunja.

Tangu hapo, kila Jumapili bibi na mjukuu walipanda basi kwenda Cleveland, mpaka mama yake alipopona. Wakati wa kurudi Darlene alisinzia begani mwa bibi yake, na Ludmila hakuthubutu kusogea, hata mkono ulipokufa ganzi.